Kampuni ya kimataifa huchaguaje nchi ya kujenga kiwanda?

Uchaguzi wa eneo ni uamuzi wa kampuni kuhusu nchi, kisha kiwanja, itakapofanyia shughuli zake za nje. Watu hudhani kodi ndiyo inayoamua. Kwa kawaida kodi huja mwishoni, wakati nchi mbili au tatu zimekwishakaribiana kwa mengine yote.

Kinachotangulia ni bidhaa yenyewe. Saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo kiwanda hufuata mawe ya chokaa. Dangote, tajiri wa saruji kutoka Nigeria, alijenga chake Mtwara, mbali na soko kubwa la Dar es Salaam. Chipu za kompyuta ni kinyume chake. Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu, ilipotafuta mahali pa kuunganishia na kupimia chipu mwaka 1996, bandari haikuwa hoja, maana mzigo wake husafiri kwa ndege. Iliuliza kuhusu safari za ndege, uhakika na bei ya umeme, na idadi ya mafundi wanaohitimu.

Mchujo wa kwanza hufanyika mezani, kwa takwimu. Kwa Intel zikabaki Brazili, Chile, Meksiko na Kosta Rika, na hapo ndipo wakaguzi hufunga safari na majadiliano huanza. Kosta Rika, nchi ndogo kuliko zote nne, ilishughulikia kasoro moja baada ya nyingine: shirika la umeme likaweka bei nafuu kwa watumiaji wakubwa, na vyuo vya ufundi vikaandaa mafunzo yanayolingana na kazi ya kiwandani. Msamaha wa kodi ya mapato, asilimia 100 kwa miaka 8 na 50 kwa miaka 4 iliyofuata, ulikuwa tayari katika sheria ya maeneo huru (maeneo maalumu ya viwanda vinavyouza nje), wala haukutungwa kwa ajili ya Intel.

Serikali nyingi hukosea hapa kwa kuanza na msamaha. Kiwanda kinachopata hasara kwa sababu ya umeme wa kukatika-katika hakina faida inayoweza kutozwa kodi, kwa hiyo hakuna cha kukisamehe.

Tena uamuzi haufungwi milele. Mwaka 2014 Intel ilitangaza kuhamishia Asia kazi ya kuunganisha na kupima, na ajira zipatazo 1,500 zikapotea. Wahandisi wa usanifu na majaribio walibaki Kosta Rika, kwa kuwa ujuzi wao haukuwa rahisi kuupata kwingine kwa gharama ileile.