Unakuja KKKT kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla ya Jumapili

Mi ni mwinjilisti kwenye usharika wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Dar, na kwenye kazi zangu zote kupokea wageni ndo naipenda zaidi. Wengi wanaonipigia Jumamosi jioni wanauliza nivae nini, nikae wapi, alafu wanashusha sauti, eti nitasimamishwa mbele za watu? Hilo la mwisho linafanya wengine waahirishe mwezi baada ya mwezi kwahiyo naanza nalo.

Ndio, wakati wa matangazo wageni huwa wanaombwa wasimame, na sharika nyingine utapewa na maiki. Sema tu "Bwana Yesu asifiwe, naitwa fulani, natokea Mbagala, nimekuja kusali nanyi", watu wataitikia amen, watakukaribisha kwa makofi, umemaliza unakaa. Kama hujisikii, usisimame. Hakuna atakayekunyooshea kidole, na nakuomba sana usikose ibada nzima kwa kuogopa dakika moja.

Mavazi ni ya heshima ya kawaida, gauni, kitenge, shati na suruali, suti si lazima. Kukaa, kaa popote isipokuwa viti vya mbele vya kwaya na wazee wa kanisa.

Mjini ibada ya kwanza inaanza mapema, saa moja au hata kabla, ya pili saa tatu au saa nne hivi. Mwenye haraka aje ya kwanza maana lazima iishe ili ya pili iingie. Ya pili kwaya zinakuwa nyingi na kukiwa na ubatizo au kipaimara usipange kitu kingine kabla ya mchana.

Sisi Walutheri tunafuata liturgia, kuna maungamo ya dhambi, masomo ya Biblia, Imani ya Mitume, mahubiri, maombi, baraka. Mchungaji anaimba mstari, washarika wanaitikia kwa kuimba bila hata kufungua kitabu maana wameyashika toka utotoni, na hapo ndo mgeni anajiona kapotea. Usihofu, wenzako wakisimama simama, wakikaa kaa. KKKT yenyewe ilizaliwa 1963 makanisa saba yalipoungana, na nyuma yao kulikuwa na wamisionari wa nchi mbalimbali, Wajerumani, Waswidi, Wamarekani na wengine, kwahiyo hata Mlutheri wa Bukoba akija huku anaweza kukuta kiitikio kinaimbwa tofauti na alivyozoea kwao. Huko kusitasita kwako hata wenyewe kunawapata.

Sadaka inatolewa zaidi ya mara moja na hii inawachanganya watu. Kuna sadaka ya kawaida, kuna bahasha za ahadi, kuna ya ujenzi, na siku hizi lipa namba inawekwa hadi ukutani. Bahasha ni za washarika wenye namba zao, we hazikuhusu. Toa ulichonacho kwenye sadaka ya kawaida, au usitoe, hakuna anayehesabu mkono wako.

Chakula cha Bwana wanashiriki waliopata kipaimara. Kama bado, baki kwenye benchi uombe kimya, hutakuwa peke yako, watoto na vijana wa mafundisho nao wanabaki.

Sasa usikimbilie daladala mapema! Tukitoka nje tunasimama pamoja, mchungaji anafunga kwa sala, alafu mnada unaanza. Mama ambaye hakuwa na hela kaleta mayai, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, vyote ni sadaka na vinanadiwa pale pale. Utashangaa jogoo anafika bei ambayo sokoni haipo, na aliyemnunua anamrudisha anadiwe tena, maana watu hawanunui nyama pale, wanaongeza sadaka ya yule mama. Mi mnada unanigusa kuliko hata kwaya. We unaweza kuangalia tu, ila ukinyoosha mkono kumbuka umeshapanda dau.

Ukipenda kuendelea kusali nasi, mtafute mzee wa kanisa umwambie unakaa mtaa gani, atakuunganisha na jumuiya ya karibu na kwako. Wale wanasali nyumba kwa nyumba katikati ya wiki, ni watu wachache, na huko unauliza chochote. Ukiwa unahama kutoka usharika mwingine njoo na barua ya utambulisho, inarahisisha sana.