Kilatini Utaongea na Nani?

Krismasi kijijini kwetu Kilema, Kilimanjaro, ni mkutano mkuu wa ukoo. Mwaka huu, katikati ya ndizi na nyama, binti wa dada yangu anayemaliza kidato cha sita Arusha alitangaza kwamba anatamani shahada inayounganisha Kilatini na Kiitaliano, kama inayotolewa Oxford, Uingereza. Baba yangu, yaani babu yake, akaweka kata ya mbege chini. "Mjukuu wangu, Kiitaliano sawa, watalii wapo. Kilatini utaongea na nani?"

Tulicheka, ingawa yeye ndiye peke yake pale aliyewahi kukitumia. Utotoni alitumikia misa ya Kilatini, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu Wakatoliki (1962–1965), haujafungulia mlango lugha za watu. Padri akisema Dominus vobiscum, yeye alijibu et cum spiritu tuo, na maana yake alimwachia Mungu.

Basi kwa nini mtu asome lugha isiyo na wasemaji sambamba na lugha yenye mamilioni? Kwa sababu Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ndicho kilichokizaa Kiitaliano.

Chukua neno mtu. Mchaga husema mndu, Msukuma munhu, Mnyarwanda umuntu. Undugu unaonekana bila kuambiwa, lakini mama wa lugha hizo hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi, na wanaisimu hulazimika kumkisia kwa kulinganisha sura za watoto. Kiitaliano, Kihispania na Kifaransa vina bahati ambayo Kibantu hakina: maandishi ya mama yapo, makabati kwa makabati.

Ndiyo maana mabadiliko yao yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Nane kwa Kilatini ni octo. Mwitaliano anasema otto, Mhispania ocho, Mfaransa huit. Usiku ni noctem, ukazaa notte, noche, nuit. Maziwa ni lactem, yakawa latte, leche, lait. Ile ct ya mama imekuwa tt kwa mtoto mmoja, ch kwa wa pili, it kwa wa tatu, na si mara moja kwa bahati. Mwongoza watalii wa Arusha anayekariri lugha hizo moja moja anabeba mizigo mitatu. Aliyeuona utaratibu huu anabeba mmoja na nusu.

Ila tusidanganyane: mama mwenyewe alikuwa na ndimi mbili. Washairi wa Roma walimwita farasi equus. Sokoni watu walisema caballus, neno la farasi wa kazi, na hilo la sokoni ndilo lililozaa cavallo, caballo na cheval. Mwanafunzi anayedhani Kiitaliano kimetoka moja kwa moja kwenye vitabu vya Cicero, mwandishi na msemaji wa Roma, atapotea mapema.

Kuhusu ugumu, nadhani mtoto wa Moshi ana nafuu ambayo Mwingereza hana. Kilatini kina amo, amas, amat: napenda, unapenda, anapenda. Mtenda amefungwa ndani ya kitenzi, kama kwetu, ila sisi tunamweka mbele na Warumi walimweka nyuma. Na aliyekulia kwenye ngeli hashtuki akiambiwa kivumishi lazima kikubaliane na nomino yake. Vinavyotoa jasho ni viishio vya nomino, vinavyobadilika kufuatana na kazi ya neno katika sentensi.

Huko Oxford kozi hiyo huchukua miaka minne au mitano, mmoja wapo ukitumika ugenini kwa ajili ya lugha ya kisasa, na ipo njia ya kuanza Kilatini bila kuwa umekisoma sekondari. Kazi kubwa ni kusoma na kufasiri, na fasihi za pande mbili huanza kuitikiana. Mshairi Dante, aliyekipa Kiitaliano heshima yake, alimchagua Virgil, mshairi wa Roma, awe kiongozi wake katika safari ya kuzimu. Na alipotaka kuitetea lugha ya nyumbani mbele ya wasomi, kitabu cha utetezi alikiandika kwa Kilatini! Wala usidhani haya ni ya Wazungu tu: Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kina idara yake ya taaluma hizi za kale.

Baba hakuridhika. Alitaka kujua sisi wa Kilema tunahusikaje. Mpwa wangu akamuuliza kama anamfahamu askofu. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwenye Kigiriki episkopos, mwangalizi. Gereza je? Ni igreja ya Wareno, yaani kanisa, kutoka neno la Kigiriki ekklesia, ambalo huko Athens lilikuwa baraza la raia. Kutoka baraza hadi kanisa hadi jela. Baba alilipenda hilo kupita kiasi, akalirudia kwa kila mgeni aliyeingia.

"Na shule?" akauliza.

Shule ni Schule ya Wajerumani, waliolitoa kwenye schola ya Kilatini, iliyotoka kwenye skhole ya Kigiriki. Maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi ya kupumzika. Binti wa bweni anayeamshwa na kengele saa kumi na moja alfajiri alilisema hilo bila hata kutabasamu, akaomba aongezewe nyama.