Je, wajua? Maziwa ya kiwandani hayachemki, sasa wadudu wanakufaje?

Jirani yangu hapa Sanawari, Arusha, ananunua maziwa kwa mama anayepita na ndoo asubuhi, anayachemsha mpaka yanapanda yanataka kumwagikia jiko ndo anaridhika. Nilipomwambia yale ya pakiti ya kwenye friji kiwandani hayachemki kabisa akanishangaa, "Sasa kaka, si tunakunywa wadudu?"

Hatunywi. Bakteria wa brusela (ugonjwa wa ng'ombe unaoambukiza na watu) na wa TB ya ng'ombe hawasubiri nyuzi 100, ukiyapasha maziwa 63 ukayashikilia nusu saa, au 72 kwa sekunde 15 tu, wamekufa. Tena Arusha tuko juu, mita kama 1,400, maji yenyewe yanachemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo hiyo 100 jirani hajawahi kuifikia.

Ishu ni nani anahakikisha yamefika 72. Huwezi kupima kila pakiti maana ukishaifungua haiuziki, na kuotesha bakteria maabara kunakula siku kadhaa. Hiyo shida iliwakuta NASA, shirika la anga, na kampuni ya vyakula ya Pillsbury kule Marekani miaka ya 1960 wakiandaa msosi wa wanaanga, wakaona ili uwe na uhakika inabidi chakula kibao kiishie kwenye vipimo. Wakageuza kibao, wakaanza kubana zile hatua ambazo zikikosewa mtu anaumwa. Ndo mfumo wa HACCP, watu wa viwandani wanatamka hasapu.

Kwa maziwa hatua yenyewe iko kwenye bomba. Yakishapashwa yanapita bomba la kushikilia joto, kipimajoto kinayasubiri, joto likishuka kidogo tu valvu inageuka yenyewe inayarudisha yakapashwe upya, hata kama opereta kasinzia. Halafu kuna kimeng'enya cha asili kwenye maziwa, fosfatezi, ambacho kinaharibika kwenye joto hilohilo linaloua wadudu, wakikikuta bado kizima wanajua maziwa hayakuiva.

Ila joto haliponyi kila kitu!! Maziwa yakishinda kwenye ndoo bila kupozwa, bakteria aina ya stafilokoka anaweza kuacha sumu, na hiyo hata uchemshe vipi haitoki. Ndo maana kwenye kituo cha kukusanyia unakaguliwa getini, laktometa ya kumkamata aliyeongeza maji, na spiriti kidogo ya kuona kama yameanza kuchacha, yakiganda unarudi nayo nyumbani.

Jirani kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa yule mama wa ndoo anakamua saa ngapi?" Nikamwambia kesho akipita amuulize yeye, na kuchemsha asiache.