Kitovu cha kitongoji ni nini?

Mtu wa Mwanakwerekwe, kitongoji cha mji wa Zanzibar, akipanda daladala kuelekea sokoni Darajani, ukimuuliza atakwambia anakwenda mjini. Alikotoka pana lami, umeme, marikiti na msongamano wa kutosha, lakini hajakosea. Anakwenda kumaliza mambo manne kwa safari moja: kitambaa cha sare ya skuli, dawa ya mama, samaki wa usiku, na akipata nafasi, kukaa bustani ya Forodhani, ufukweni, jua linapozama. Kitovu cha kitongoji ni pahala panapompa mtu huyo yote hayo karibu na anapolala, asilazimike kuja Darajani kila mara.

Kwa maelezo yaliyonyooka, ni sehemu iliyo nje ya katikati ya zamani ya mji, ndani ya makaazi ya watu, ambamo maduka, uwanja au bustani, na shughuli za utamaduni vimekaribiana kiasi cha mtu kuvipitia vyote kwa miguu. Na watu wawe wanaishi hapo hapo, juu ya maduka na nyuma yake. Sharti hili la mwisho ndilo husahauliwa. Eneo la maduka lisilo na wakaazi likishafungwa usiku hubaki la walinzi na paka. Palipo na wakaazi, mtoto aliyetumwa chumvi baada ya magharibi hupita mbele ya baraza tatu, na kila baraza ina mtu anayejua ni mtoto wa nani.

Dhana hii imekuzwa zaidi na nchi zilizoumia kwa kuikosa. Marekani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walihamia kwa wingi kwenye vitongoji vya nyumba pekee, ambako hata mkate unaufuata kwa gari. Mwaka 1956 likafunguliwa jengo la maduka la Southdale, mjini Edina katika jimbo la Minnesota, lenye paa moja juu ya maduka yote na hewa iliyopozwa. Msanifu wake, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alitaka pale pawe moyo wa mji mdogo wenye nyumba, skuli, hospitali na bustani. Wawekezaji walichukua maduka, wakayazungushia maegesho ya magari, na mfano huo ukaigwa nchi nzima. Uzeeni Gruen aliyakana hadharani majengo yaliyomzalia sifa. Siku hizi vitongoji kadhaa vya huko vinajirekebisha: vinapanda miti kando ya njia, vinaruhusu tena watu kuishi juu ya maduka, vinaleta maktaba na ukumbi wa muziki jirani na mikahawa. Mgeni anayevizuru hufurahi kwamba gari ameliegesha mara moja tu. Kwetu hilo ni jambo la kuchekesha kidogo, maana wengi wetu hatuna gari la kuegesha.

Sisi tumeanzia upande wa pili. Ng'ambo, upande wa mashariki wa mji wa Zanzibar, ilikuwa na watu, biashara na ngoma kabla wapanga miji hawajajua waifanyeje. Iliachana na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari, uliovukwa kwa daraja na baadaye ukafukiwa. Mpango wa kwanza wa mji, kazi ya Mwingereza Henry Lanchester, ulitoka mwaka 1923. Ukafuata wa 1958, kisha wa Mjerumani Hubert Scholz mwaka 1968, kisha wa Wachina mwaka 1982. Wakati wa ukoloni, uwazi wa Mnazi Mmoja, na viwanja vyake vya gofu na kriketi, ulisaidia kuwatenga wa nyumba za mawe za Mji Mkongwe na wa nyumba za udongo za Ng'ambo. Jioni ya leo uwazi ule ule umejaa vijana wa pande zote mbili wakicheza mpira, na sikukuu za Idi watoto wa mji mzima humwagika pale. Bustani huwa na nguvu namna hiyo. Inaweza kujengwa iwe ukuta, na watu wakaifanya mlango.

Utamaduni nao Ng'ambo haukungoja jengo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba mnamo 1880, alikuwa akiuza vyungu. Alihamia mjini, akaweka makaazi Ng'ambo, na nyumba yake ikawa pahala pa watu kukusanyika usiku kusikiliza nyimbo na kuzungumza habari za siku. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga Raha Leo kituo cha jamii chenye ukumbi, na baadaye redio ikatangaza kutoka hapo. Ninavyoona mimi, mpangilio huo ni sahihi: kwanza watu na nyumba yenye mlango wazi, jengo la serikali baadaye. Ukumbi uliotangulia watu aghalabu hugeuka pahala pa semina.

Anayetaka kuiona dhana hii kwa macho aende Michenzani, alasiri, kwa miguu kutoka Darajani. Njia ni fupi. Atayaona majumba marefu yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi, enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kila moja likikaribia mita 300 kutoka mwisho hadi mwisho, yamepangwa kwa umbo la msalaba na mzunguko wa barabara katikati. Yalipokuja, nyumba nyingi za udongo na makuti zilibomolewa, na ubishi kuhusu uamuzi huo haujaisha hadi leo. Mimi naona barabara zile pana zilichorwa kwa ajili ya maandamano zaidi kuliko kwa ajili ya mama mwenye kapu. Jua la saa nane hapo halina huruma na kuvuka ni kazi.

Lakini wakaazi wameisahihisha ramani wenyewe. Vyumba vya chini vimekuwa maduka, mafundi cherehani na vinyozi. Kuna mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, na jirani yake Michenzani Mall, jengo la maduka la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Ukitembea kidogo unafika Kisiwandui, na ukiendelea unakuta Mnazi Mmoja na jengo la makumbusho la Beit el Amani la mwaka 1925. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo navyo si mbali. Manunuzi, kupumzika, historia na makaazi vyote vimo, bila tiketi ya gari, na mwenye mfuko mtupu anaweza kuvizunguka kama mwenye pesa.

Suala la mfuko mtupu mimi nalitia uzito kuliko lolote. Bustani ya Forodhani ilipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2009, mtu aliendelea kukaa pale bure, anunue urojo au asinunue. Jengo la maduka lenye kiyoyozi hukuruhusu kuingia, lakini ukikaa saa mbili bila kununua utaanza kutazamwa.

Pemba dhana hii inapatikana kwa sura nyingine. Chake Chake si kitongoji cha mji wowote, ni mji wenyewe. Hata hivyo marikiti, kituo cha gari na makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya zamani vimebanana kiasi kwamba mtu wa shamba anayeshuka asubuhi humaliza yake na kurudi kwa gari la adhuhuri. Udogo wenyewe ndio unaopafaa.

Haja ya vitovu hivi Unguja ni kubwa. Kwa sensa ya 2022, Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 893,169 kati ya 1,889,773 wa Zanzibar yote, karibu nusu, na mji unaendelea kusogea mashariki na kusini. Fumba, alikotoka Siti kwenda kutafuta wasikilizaji, sasa inajengwa mji mpya, na watu wanatoka mjini kwenda kuishi huko. Picha za matangazo huonesha minazi, maduka na njia safi. Anayekwenda kununua au kupanga nyumba asitosheke na picha. Aulize mtoto atafika skuli kwa miguu au kwa gari. Aangalie kivuli kiko wapi saa saba mchana, msikiti uko umbali gani, na nani ameruhusiwa kuuza mihogo ya kuchoma kando ya njia. Aulize pia daladala ya mwisho inaondoka saa ngapi, kwa sababu taarabu inayokwisha saa tano za usiku pasipo na usafiri wa kurudi itahudhuriwa na wenye magari peke yao.