Kijana wa makao akikutwa na bangi, msimfukuze

Makao mengi ya watoto yana sheria isiyojadiliwa: atakayekutwa na bangi, pombe au gundi, anaondoka. Nia yake ni njema, kuwakinga wadogo wanaobaki. Hata hivyo, kwetu tunaohudumia afya ya akili ya vijana walio mikononi mwa ustawi wa jamii, hakuna sheria inayotutia hofu kama hiyo. Inamwondolea kijana kinga yake kubwa siku ileile anapoihitaji zaidi. Kinga hiyo ni mtu mzima anayemjua vizuri, ambaye kesho na keshokutwa atakuwa bado yupo.

Vijana hawa hawajazaliwa wakorofi. Utafiti uliofanyika San Diego, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998 na daktari Vincent Felitti na wenzake, uliwauliza maelfu ya watu wazima waliyopitia utotoni: kupigwa, kudhalilishwa kingono, kumwona mama akipigwa. Kadiri maswaibu yalivyokuwa mengi, ndivyo ulevi na matumizi ya dawa za kulevya ukubwani yalivyozidi. Watoto tunaowapokea kwenye makao mara nyingi wamebeba maswaibu hayo matatu, manne, kabla hawajabalehe. Aliyewahi kulala vibarazani anajua kwamba gundi inasahaulisha njaa na baridi. Ukimnyang'anya chupa yake bila kumsaidia kupata usingizi, ataitafuta nyingine.

Halafu huja kuhamishwa. Kutoka kwa shangazi hadi makao, kutoka makao haya hadi yale, kisha familia ya malezi ya kambo, kisha makao tena. Kila akihama anaanza upya: shule mpya, mlezi mpya, kitanda kipya, na kundi la wenzake ambao tayari wana marafiki zao. Pale kijiweni ndipo wanapompokea upesi. Hawaulizi wazazi wako wako wapi wala ulipata ngapi kwenye mtihani. Wanakusogezea msokoto, unakuwa mwenzao. Kwa hiyo tunapomfukuza kijana kwa sababu ya bangi, tunamwongezea kilekile kilichomsukuma kuvuta.

Hotuba za vitisho hazisaidii sana. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na Shirika la Afya Duniani, vinaeleza wazi kuwa kutoa habari tu, hasa za kutisha, hakupunguzi matumizi. Kumleta mgeni kila tarehe 26 Juni, siku ya kupinga dawa za kulevya duniani, awaonyeshe picha za watu waliodhoofika si kazi ya kinga. Kazi yenyewe iko kwenye saa za kawaida, kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, shule imefungwa na mlezi wa zamu yuko jikoni. Iceland walizijaza saa hizo kwa michezo na muziki, na wazazi wakatakiwa kukaa zaidi na watoto wao. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita; mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Sisi hatuna fedha za Iceland, lakini mpira, kwaya, bustani na mlezi anayekaa nao mezani viko ndani ya uwezo wetu.

Sasa, tuseme umemkuta. Kama amevuta gundi au petroli, usimkurupushe wala kumkimbiza: kemikali hizo zinaweza kuufanya moyo usimame ghafla mtu anaposhtuka au kukimbia. Ongea naye kwa upole, mpeleke penye hewa safi, na mtu mmoja abaki naye. Akiwa hoi, mlaze ubavu. Asipoamka au akipumua kwa shida, ni hospitali mara moja. Maswali yasubiri kesho, faraghani, si mbele ya wenzake. Mlezi mzuri atakaa naye na kusema, "Mwanangu, sijakuita nikugombeze. Ile kitu inakusaidia nini?" Jibu linaweza kuwa "Napata usingizi," au "Nikivuta simkumbuki baba." Hapo ndipo tiba inapoanzia, na hapo ndipo afisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha wanapotakiwa kuitwa.

Hatusemi mambo yapite hivihivi. Anaweza kuzuiwa kutoka peke yake wikiendi, na mizigo yake ikakaguliwa mwenyewe akiwepo. Lakini kitanda chake kibaki chake, naye aambiwe hivyo kwa mdomo, waziwazi. Anayewauzia wenzake ni suala jingine, linalohitaji afisa ustawi na pengine polisi. Anayetumia kila siku, na akikosa anatetemeka au kutapika, apelekwe hospitali. Msimpeleke kijana wa miaka 15 kwenye soba house, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, akalale chumba kimoja na watu wazima waliotumia heroini kwa miaka. Atatoka na mengi ambayo hakuingia nayo.

Majirani nao wana sehemu yao. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na sigara. Viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini vichupa vidogo vya pombe kali vipo madukani na bei yake mtoto anaimudu. Ukiona mwenye duka anawauzia watoto, au mtoto yuko hatarini, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Wakati wa hatari kubwa kuliko yote ni pale kijana anapotimiza miaka 18 na kuambiwa muda wake umekwisha. Maandalizi yaanze akiwa na miaka 16: ufundi, ndugu wa kumpokea, mahali pa kulala panapojulikana. Na pale ambapo kuhama hakuepukiki, faili lake lisiandikwe "mtumiaji" tu. Liandikwe anachokipenda, kinachomkosesha usingizi, na ni nani anayemsikiliza. Mlezi wake wa zamani aruhusiwe kumpigia simu huko alikokwenda, na simu hizo ziandikwe kwenye mpango wake wa malezi kama zinavyoandikwa tarehe za kliniki.