Je, wajua kompyuta inapowaka hujuaje ina saa gani ndani yake?

Chukua kompyuta mbili za mezani, zile za mtumba zinazouzwa madukani Arusha mjini. Moja ina miaka kumi na tano, nyingine mitano. Prosesa tofauti, madabodi tofauti, hata saa zilizochomelewa humo hazifanani. Fundi anachomeka flashi ileile yenye mfumo endeshi wa Linux kwenye hii, kisha kwenye ile, na zote zinawaka. Muziki unacheza kwa mwendo wake, video haikimbii wala haiburuzi. Flashi haikuambiwa na mtu kwamba itakutana na mashine ya aina gani. Sasa imejuaje?

Kwanza tuelewane ni saa ipi. Siyo ile ya tarehe, inayolindwa na kibetri cha duara ambacho mafundi hukibadilisha kila uchao. Nazungumzia vihesabio: saketi zinazohesabu mapigo ya umeme, mamilioni kila sekunde, bila kupumzika. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huvitegemea kugawa zamu baina ya programu na kujua kama kadi ya mtandao imechelewa kujibu. Lakini hesabu ya mapigo haina maana kama hujui kwa sekunde moja yanapiga mangapi.

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu moja ya vihesabio iliyopigiwa mara 1,193,182 kwa sekunde, mahali pamoja panapojulikana, na waliotengeneza kompyuta za kufanana nayo waliiga hivyohivyo. Mwandishi wa programu alikariri tu. Baadaye kila mtengenezaji akaanza kuongeza saa mpya na kuziweka alipotaka. Kerneli nayo haiwezi kupapasa gizani, maana ukigusa anwani ambayo kumbe ni ya kifaa kingine, mashine inaweza kuganda hapohapo.

Ndipo Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa kanuni iitwayo ACPI. Wazo lake ni zuri mno: fimwea, yaani programu iliyomo kwenye chipu ya madabodi, ndiyo inayoijua bodi yake. Basi na iandike majedwali kwenye kumbukumbu, ieleze kila kilichopo, kabla ya kuikabidhi kerneli mashine.

Kerneli huyapata hivi. Kwenye kompyuta za zamani hupekua eneo maalumu la kumbukumbu, ikiruka baiti 16 kila hatua, ikitafuta herufi hizi: «RSD PTR » pamoja na nafasi tupu mwishoni. Ikizikuta haishangilii bado. Hujumlisha baiti 20 za kwanza, na baiti ya mwisho ya jumla hiyo lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, hizo ni herufi zilizoangukia hapo kwa bahati. Mashine mpya zenye UEFI, yaani fimwea ya kisasa, huipa kerneli anwani mkononi, hakuna kupekua. Kutoka hapo kuna orodha ya majedwali mengine, kila moja likiwa na alama ya herufi nne.

Jedwali la FADT ndilo linalotaja saa iitwayo PM. Kasi yake imewekwa na kanuni yenyewe: mapigo 3,579,545 kwa sekunde. Namba hii inanivutia kuliko zote, kwa sababu haikutokana na kompyuta. Ni mawimbi ya rangi ya televisheni ya Marekani, mfumo wa NTSC ulioidhinishwa mwaka 1953. IBM walitaka kompyuta yao iweze kuonyesha rangi kwenye televisheni, wakachagua kioo, yaani kipande cha fuwele kinachotoa mapigo, cha megahezi 14.31818, ambacho ni mara nne ya namba hiyo. Kigawe kwa tatu, unapata kasi ya prosesa yao ya kwanza, megahezi 4.77. Kwa kumi na mbili, unapata kasi ya vile vihesabio vya mwaka 1981. Kwa nne, unapata saa ya PM. Televisheni zetu huku zilifuata mfumo wa PAL, lakini namba ya NTSC imo kwenye lundo la kompyuta zilizopo Arusha na Moshi leo.

Saa hiyo ina biti (tarakimu za 0 au 1) 24 au 32, na jedwali hulisema hilo kwa biti moja tu. Yenye biti 24 hujaa na kurudi sifuri kila baada ya sekunde 4.7 hivi, yenye 32 huchukua karibu dakika 20. Programu ikidhani ni 32 kumbe ni 24, hesabu yake ya muda itavurugika kila sekunde chache. Linux imeamua kutojitafutia balaa: huchukua biti 24 tu, hata pale zilipo 32.

Saa ya HPET ina utaratibu mwingine. Jedwali lake hutoa anwani, na kerneli huenda kuiuliza saa yenyewe. Rejista yake ya kwanza, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya saa, hueleza ina vipima muda vingapi, kama inahesabu kwa biti 64, na pigo moja linachukua femtosekunde ngapi. Chukua sekunde moja, igawe mara bilioni, kisha kila kipande kigawe tena mara milioni: hiyo ndiyo femtosekunde. Jibu la kawaida ni 69,841,279. Piga hesabu uone, ni megahezi 14.31818, kioo kilekile. Jibu likizidi 100,000,000 kanuni imevunjwa, na kerneli huikataa saa hiyo.

Majedwali haya ni kama kadi ya gari. Imeandika injini ni ya cc ngapi, lakini mnunuzi makini hufungua boneti. Kuna mashine za Intel ambazo HPET yake husimama prosesa inapolala usingizi mzito. Jedwali linaitangaza, Linux inaizima. Naona hapa ndipo ufundi halisi ulipo, kwa waliokaa na kuandika ukaguzi wa kila kosa la kila bodi.

Simu nyingi za Android hazitumii ACPI. Zina maelezo yao yanayoandaliwa na mtengenezaji na kusomwa mwanzoni.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua kompyuta yenye Linux uandike:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/available_clocksource

Mara nyingi utakuta tsc, hpet na acpi_pm. Ya kwanza imo ndani ya prosesa na ndiyo inayosomwa haraka kuliko zote. Kwenye mashine nyingi za zamani kerneli huilinganisha na mojawapo ya zile mbili kila nusu sekunde, na ikiona inayumba huishusha cheo na kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba tsc si thabiti. Ukikutana na ujumbe huo kwenye mashine uliyoinunua juzi, kabla ya kulaumu prosesa angalia kama kuna toleo jipya la BIOS, yaani fimwea ya bodi hiyo, maana huko ndiko majedwali yanakotoka.