Pasipoti ya Marekani Haikufuti Ukenya

Kisumu na Kakamega, mtu aliyeishi Marekani miaka mingi akitaja kurudi nyumbani huambiwa: "Wewe ulishaapa kwao, shamba la baba si lako tena." Si kweli, na inaniuma kuona watu wakizeekea ughaibuni kwa hofu hiyo.

Chini ya katiba ya zamani, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wake. Katiba ya 2010 ilibadilisha hilo: kwa kifungu cha 16, raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa kwingine. Aliyeupoteza zamani anaweza kuurejesha, ila lazima aombe; haurudi wenyewe. Hapo ndipo wengi hukwama. Kabla hajaurejesha, kisheria yeye ni mgeni, na kifungu cha 65 humruhusu mgeni kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo shughulikia uraia kwanza, ndipo ununue ploti Nakuru.

Anayechukua uraia wa pili sasa aiarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Anayeutaka ugavana au ubunge, huo ni mjadala mwingine: kifungu cha 78 kina masharti yake.